Kicheche wa Chini ya Ghala

Nilipaswa kukataa siku kikundi chetu cha wakulima wa viazi kilipoamua kuziba uwazi uliokuwa chini ya ghala la mbegu. Nilikuwa mwenyekiti. Ghala lilijengwa kwenye shamba langu, ufunguo ulikaa mfukoni mwangu, na neno moja kutoka kwangu lingetosha kuahirisha jambo lile. Badala yake nilisema, "Sawa, tuzibe," kisha nikauliza ni nani aliyebaki na saruji nyumbani.

Ghala lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa chumba cha mbao chenye paa la mabati, kimeinuliwa juu ya mawe ili unyevu usipande. Kati ya mbao za ukuta tuliacha nafasi za kupitisha mwanga hafifu na upepo, maana kiazi cha mbegu kikikaa gizani huota vichipukizi virefu vyeupe visivyo na nguvu, na kikikaa juani hunyauka. Ndani tulipanga trei za mbao kwenye rafu tangu chini hadi juu. Huku Endarasha tunavuna viazi baridi ya Julai ikiwa imeshika, ukungu wa Nyandarua umelala shambani mpaka saa nne, kisha tunaziweka mbegu zitoe macho tukingojea mvua za Oktoba. Mtu akipoteza mbegu katikati ya miezi hiyo, msimu wake umekwisha kabla haujaanza.

Chini ya sakafu, kati ya yale mawe, aliishi kicheche. Watu wengi hapa hawajamwona, wananusa tu. Ni mnyama mwembamba, mrefu kama kamba, miguu mifupi, mwili mweusi wenye mistari myeupe kutoka kichwani hadi mkiani. Akishtuliwa hutoa harufu mbaya inayobaki kwenye nguo hata ukifua. Mimi na mke wangu tulimwona mara kadhaa alfajiri tulipokwenda kukama. Asubuhi moja panya alishuka kwenye ukuta wa ghala, mnene, bila wasiwasi wowote. Kicheche alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi. Sikumwona hadi alipokwisha kuruka. Alimshika panya shingoni kwa nyuma, wakabiringika pamoja mara nyingi, kicheche akijikunja na kujikunjua, mpaka panya akalegea. Kisha akamvuta kinyumenyume hadi chini ya ghala.

"Huyo ndiye mlinzi wetu," mke wangu alisema, ndoo mkononi. "Usiruhusu mtu amguse."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Katika ghala lile mlikuwa na mbegu ambazo hazikuwa za kikundi, zilikuwa zake. Alipoolewa alikuja nazo ndani ya kiondo kutoka kwao, juu ya Kangema, mahali mashamba ya chai yanapokaribia msitu. Ni viazi vidogo vyenye ngozi nyekundu na macho ya zambarau, na ukivichemsha vinapasuka vyenyewe kama unga. Mama yake alivipanda, na nyanya yake pia. Mama alipofariki, ndugu zake waling'oa kila kitu wakapanda chai. Kwa hiyo mbegu ile ilibaki kwa mke wangu peke yake, na kila msimu alitenga trei mbili, akazichagua moja moja kwa mkono.

Miaka yote alikuwa akizihifadhi darini jikoni. Ni mimi niliyemshawishi azihamishie ghalani. Nilimwambia haipendezi mke wa mwenyekiti kuficha mbegu zake nyumbani kana kwamba haamini ghala la mumewe. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi uziangalie wewe." Nikasema nitaziangalia.

Shida ilianzia kwa mnunuzi aliyekuja kutoka Gakindu akitafuta mbegu za wakulima wa kule. Siku hiyo mbwa wa mtu alikuwa amechungulia chini ya ghala, na kicheche akamjibu. Mnunuzi alipofungua mlango alirudi nyuma, akaziba pua kwa kitambaa, akasema mbegu zenye harufu ile hawezi kupakia kwenye gari lake. Akaondoka bila hata kunywa chai.

Jumapili baada ya ibada tulikutana nje ya ghala. Jirani yangu wa shamba la chini, ambaye ni fundi wa mawe na mtu wa mdomo, alianza.

"Mwenyekiti ametuandikia askari," alisema. "Lakini askari mwenyewe anajamba."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hapo ndipo nilipokuwa nimeshashindwa.

Mama mweka hazina, mwanamke mwenye sauti ya kukata maneno, alisema ghala la maana halina wanyama chini yake. Tuzungushie ukuta wa mawe na saruji, kicheche ahame, panya nao wakose njia.

"Panya wako ndani tayari," mke wangu alisema. "Wako kwa ukuta na kwa paa. Mkimfungia huyo nje, nani atawawinda?"

"Mama, si tutaweka mitego," jirani alimjibu. "Mtego haunuki."

"Mtego unalala. Yeye halali."

Watu wakaniangalia. Nilijua mke wangu anasema kweli. Nilijua kwa macho yangu, si kwa kuambiwa. Lakini nilikuwa nimesikia pia wakinong'ona kwamba mwenyekiti anatawaliwa na mke wake hata kwa mambo ya kikundi, na nilitaka siku hiyo waone vingine. Ndipo nikasema tuzibe.

Nyumbani mke wangu hakunigombeza. Aliomba jambo moja tu. "Angojewe atoke. Jioni huwa anatoka kuwinda. Akishatoka, zibeni. Mwezi huu anaweza kuwa na watoto, kwa hivyo uangalie kama anarudi na kitu mdomoni."

Nikamwahidi.

Lakini kazi ilipangwa asubuhi, kwa sababu ilikuwa ya ngwatio, ile ya watu kusaidiana shamba kwa shamba, na huwezi kuwaita watu waache ng'ombe zao jioni. Walikuja na mawe kwenye mikokoteni. Mke wangu alikuwa jikoni na wanawake wengine wakipika. Nilichukua fimbo ndefu nikaisukuma chini ya ghala, nikaizungusha. Hakuna kilichotoka. Hata harufu haikuzidi.

"Ameenda huyo," jirani alisema. "Hata mimi na hiyo fimbo ningeenda."

"Tungoje jioni?" nikauliza, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kukataliwa.

"Mwenyekiti, saruji imeshachanganywa."

Wakajenga. Jirani yangu ana mkono mzuri, hilo lazima niseme. Kufikia mchana ukuta mfupi ulikuwa umezunguka pande zote, umelainishwa kama wa kanisa. Chai ikaletwa. Kwetu kazi ya ngwatio inaisha mwenye shamba anapomimina kikombe cha kwanza, akampa mzee kuliko wote na kushukuru mikono ya watu. Baada ya kikombe hicho kazi haiguswi tena siku hiyo. Ukisema irudiwe, ni kama umetukana mikono uliyoishukuru.

Nilikuwa nimeegemea ukuta wa ghala, birika mkononi, nikimimina. Hapo ndipo nilipousikia mkwaruzo. Kitu kilikuwa kikikwaruza ndani, chini, upande wa jiwe. Kikakwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Kikombe kilikuwa kimejaa nusu. Mzee aliyekuwa akikingojea alikuwa amenyoosha mkono. Ningeweza kuliweka birika chini. Nilimalizia kumimina, nikampa, nikashukuru.

Mke wangu alikuja na sufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe, akasimama kando yangu.

"Alitoka?"

"Alitoka."

"Ulimwona?"

"Nilimwona akiingia kwenye ua kule."

"Asante," akasema, na akaenda kuwapakulia watu.

Tangu siku hiyo nilikosa amani. Kila asubuhi kabla ya kukama nilipitia ghalani, nikapiga magoti na kuweka sikio kwenye ukuta. Nilijiambia ni panya, na panya wakwaruze wanavyotaka. Lakini panya hukwaruza haraka haraka, huku na huku. Huyu alikwaruza mahali pamoja, polepole, kama mtu anayejua kazi ni ndefu. Nilikuwa nikiinuka nikiwa nimelowa umande magotini, na nyumbani nikaulizwa mbona, nikasema niliteleza.

Asubuhi moja nilibeba mtaimbo. Niliweka ncha yake kwenye saruji, pembeni, mahali ambapo tundu dogo lingetosha. Nikasikia kikohozi barabarani. Alikuwa jirani yangu akipeleka maziwa.

"Mwenyekiti, unakagua kazi yangu?"

"Naangalia kama imekauka."

"Hiyo? Hiyo hata gari ipande juu." Akasimama. "Na mtaimbo ni wa nini?"

"Nataka kuchimba shimo la nguzo."

"Kwa ukuta?"

Tukacheka wote wawili. Nikaurudisha mtaimbo nyumbani, na sikuutoa tena kesho yake, wala kesho kutwa. Nilikuwa nikingoja siku ambayo hatapita mtu. Barabara yetu haina siku kama hiyo.

Kisha mkwaruzo ukakoma. Nilipaswa kufarijika, na kwa saa chache nilifarijika kweli. Baadaye ikaja harufu, tofauti na ile ya zamani, nzito na tamu. Mke wangu aliisikia kutoka nyumba ya ng'ombe.

"Ni nini imekufa?"

"Panya," nikasema. "Wamefungiwa. Si ndio tulitaka?"

Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida, akaendelea kukama.

Panya waliokuwa kwenye paa hawakufungiwa. Zamani walikuwa wakishuka kwa woga, mmoja mmoja, maana chini kulikuwa na mwenye kuwangoja. Sasa walishuka kama watu wanaoingia sokoni. Nilipofungua mlango niliwaona wakitembea juu ya trei mchana. Hawakukimbia hadi nilipopiga rafu. Katika trei za chini, za kikundi, vichipukizi vilikuwa vimekatwa vyote, na mahali pa jicho pamechimbwa shimo dogo safi. Panya hakili kiazi kizima cha mbegu. Anachagua jicho kwa sababu ndilo tamu, na kiazi kisicho na jicho ni chakula tu, si mbegu.

Trei mbili za mke wangu zilikuwa bado salama. Nilisimama mbele ya trei hizo. Njia iliyo wazi ilikuwa kuzibeba saa hiyo hiyo na kuzirudisha darini jikoni, zikakae kwenye moshi zilikozoea. Lakini angeuliza kwa nini, na swali moja lingevuta jingine. Basi nilizipandisha kwenye rafu ya juu kabisa, nikazifunika kwa gunia, nikijiambia panya wako chini. Nilijisahaulisha kwamba wanatoka juu.

Mke wangu alitaka kwenda kuzigeuza mbegu zake, kama afanyavyo kila mara ili macho yaote sawasawa.

"Nitazigeuza mimi," nikamwambia. "Wewe mgongo unakuuma."

"Mgongo umepona."

"Ufunguo sijui niliuweka wapi."

Ulikuwa mfukoni. Niliushika kwa vidole nikiongea naye.

Nikateremka hadi mjini Nyeri kununua gundi ya panya. Kuna mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mzee wa umri wangu, mwenye duka la vifaa karibu na soko. Nilikwenda kwake kwa sababu hanijui na hamjui mtu wa kwetu. Gundi ilinasa panya watoto wawili, wakubwa wakaizunguka. Nikarudi kununua mitego ya chuma. Wakala chambo bila kuifyatua. Niliporudi tena aliniona tangu mlangoni.

"Karibu mzee wangu. Juzi gundi, kisha mitego. Hao panya unawafukuza au unawafuga?"

"Wananishinda."

"Paka je?"

"Paka wetu wamezoea maziwa."

Akawaza, akipangapanga makufuli kwenye meza. "Na zamani ulikuwa ukifanyaje? Maana panya hawakuzaliwa mwaka huu."

"Kulikuwa na mnyama. Kicheche."

"Ah. Huyo anamfuata panya mpaka shimoni, anamuulia humo humo. Amekwenda wapi?"

"Alihama."

"Kicheche hahami penye chakula, mzee," alisema, bila ubaya wowote. Kisha adhana ikasikika, akaniomba nimsubiri barazani arudi kutoka kuswali. Nilikaa pale, mitego mipya mapajani, nikitazama watu wakipita na mizigo yao. Nilitamani arudi aniulize tena. Nadhani ningemwambia yule mgeni kila kitu. Aliporudi palikuwa na wateja wengine, akanipa chenji yangu na kunitakia safari njema.

Nilipofika nyumbani jioni, mlango wa ghala ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa amemwendea mama mweka hazina, ambaye alikuwa na ufunguo wa pili. Mimi nilikuwa nimeusahau ufunguo huo kabisa.

Alikuwa amekaa sakafuni. Trei zake mbili alikuwa amezishusha, gunia limekunjwa pembeni, na alikuwa akivichukua viazi vile vyekundu kimoja kimoja, anakizungusha mkononi, anakiweka chini. Kila kimoja kilikuwa na vishimo. Rafu ya juu ndiyo waliyoifikia kwa urahisi kuliko zote. Panya, wakubwa kwa wadogo, hawakuacha hata kiazi kimoja.

"Nani alizipandisha huku?"

"Ni mimi."

"Ulijua wameingia."

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Alimaliza trei ya kwanza, akaenda kwenye ya pili, mpaka kiazi cha mwisho. Kisha akainuka akiegemea rafu, akatoka nje, akasimama mbele ya ule ukuta mfupi.

"Fungua hapa."

Nilileta mtaimbo. Saruji ya jirani ilikuwa ngumu kweli, na kelele zilimleta yeye mwenyewe, mikono mifukoni, tayari kwa mzaha. Alipoona uso wa mke wangu aliuacha mzaha wake, akachukua mtaimbo mikononi mwangu, akatoa mawe aliyoyajenga.

Kicheche alikuwa amelala mara tu nyuma ya ukuta, mahali pale pale nilipokuwa nikiweka sikio. Alikuwa amekauka, mistari myeupe bado inaonekana. Kucha za mbele zilikuwa zimeisha. Kwenye saruji, upande wa ndani, kulikuwa na mikwaruzo iliyochimba kina cha kidole. Nyuma yake, juu ya nyasi kavu, walikuwa watoto wawili, na kando yao ngozi za panya, nyingi, chakula alichokuwa amewawekea. Walikula wakamaliza, kisha wakakosa.

Jirani alichuchumaa muda mrefu. "Mwenyekiti," alisema mwishowe, "hii ungetuambia. Ningebomoa siku hiyo hiyo. Mawe ni mawe tu."

"Mimi aliniambia alimwona akiingia kwa ua," mke wangu akasema. Hakuniambia mimi, alimwambia yeye.

Jirani alinitazama, akatazama chini, akaanza kuyapanga mawe kando ingawa hakuna aliyemwomba.

Kikundi kilipata mbegu nyingine. Zilitoka upande wa pili wa Kieni, zikapandwa, na msimu haukuwa mbaya. Waliniondoa kwenye uenyekiti kwa adabu, na sikuwalaumu. Sehemu ya chini ya ghala wameiacha wazi tena. Mpaka leo hakuna kicheche mwingine aliyekuja.

Mke wangu alichagua katika trei zake vile viazi vilivyobakiwa na chochote kinachofanana na jicho, akavipanda peke yake nyuma ya jiko, mvua ya kwanza ya Oktoba iliponyesha. Kila asubuhi alikwenda kuangalia. Mimi nilimtazama kutoka dirishani, kwa sababu niliona sina haki ya kusimama pale. Udongo haukupasuka. Mwishowe alifukua kwa mkono, akakuta vimeoza. Alipiga simu kwao, akamwomba kaka yake atafute hata kimoja kwenye mashamba ya zamani, kwa majirani, popote. Kaka yake alizunguka kwa uaminifu. Hakuna aliyekuwa navyo, na vijana hawakuwa wakijua anazungumzia nini.

Bado tunaishi pamoja. Ananipikia, tunasali pamoja kabla ya kulala, tunakwenda kanisani tukiwa tumebeba Biblia moja. Lakini nikimwambia ng'ombe amekunywa maji, huvaa kandambili akaenda kutazama ndoo. Nikimwambia lango limefungwa, hutoka kulishika. Hafanyi hivyo kwa hasira, na nadhani hajui kwamba nahesabu. Mbegu ya mama yake imekwisha, na baada ya maisha yote tuliyokaa pamoja, mke wangu haamini tena jambo lolote kwa sababu tu mimi nimelisema. Hivyo ndivyo nilivyolipia neno "tuzibe".